Sura ya Sita: Mahindi ya Juba Katika Nchi ya Theluji

Katika jimbo la Maine, lililo pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, pana mto uitwao Androscoggin, ambao maporomoko yake ndiyo yaliyoendesha mitambo ya viwanda vya nguo vya mji wa Lewiston tangu karne ya 19. Na viwanda hivyo, vilivyowavuta maelfu ya Wakanada wasemao Kifaransa waje kusokota pamba kwa ujira, vilipofungwa kimoja baada ya kingine katika nusu ya pili ya karne ya 20, viliuachia mji majengo marefu ya matofali yasiyo na kazi na nyumba za kupangisha zisizo na wapangaji. Apitaye leo viungani mwa mji huo mwezi wa Agosti, baada ya kuyapita malisho ya ng'ombe wa maziwa na mashamba ya nyasi za kuwalisha wakati wa baridi, huweza kufika penye makonde ambayo mtu wa Handeni, huko Tanga, angeyatambua kabla hajaambiwa ni ya nani: mahindi, maharage na maboga, na kinamama waliojifunga vilemba vya rangi kali wameinama humo wakipalilia.

Mintarafu ya bustani za jumuiya pameandikwa mengi: kwamba husafisha hewa ya miji, kwamba hupunguza gharama ya mboga, kwamba huwakutanisha majirani ambao wangepishana ngazini mwaka mzima bila hata salamu. Yote hayo ni kweli, wala sina haja ya kuyarudia. Neno la sura hii ni jingine, nalo ni kwamba wapo watu ambao kwao konde la pamoja si starehe ya jioni, bali ndiyo mila yao, heshima yao na namna yao ya kutazamana, waliyoibeba kutoka nchi hata nchi kwa sababu kila walikofika walinyang'anywa vitu vingine vyote. Na kwamba jambo hilo, pamoja na uzuri wake, husimama au huanguka kwa swali kavu ambalo wapenzi wa bustani aghalabu hawapendi kuliuliza, yaani, ardhi ile ni mali ya nani.

Watu hao wamejulikana katika madaftari ya mashirika ya wakimbizi, tangu miaka ya 1990, kwa jina la Wabantu wa Somalia. Ndani ya jina hilo moja mna nasaba nyingi, Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wangindo na wengineo, lakini sehemu kubwa ya habari yao imehifadhiwa na Wazigua, ambao wengine wao wangali wakisema Kizigua hata sasa, ingawa mababu zao walitoka nyuma ya pwani ya Tanga karibu karne mbili zilizopita. Ukame mkali uliipata nchi ya Uzigua katika miaka ya 1830. Na masimulizi ya wazee yasema kwamba watu wengi walipanda majahazi kwa miguu yao wenyewe, wakiwa wameahidiwa kazi na chakula katika nchi ya mbali mpaka mvua zirudi kwao, wakashushwa katika bandari za Benadiri, huko Barawa, Marka na Mukdishu, na hapo ndipo walipojua kwamba waliuzwa. Wakapelekwa bonde la mto Shabelle kulima nafaka na ufuta wa watu wengine, mavuno ambayo yalipakiwa kwa kusafirishwa Arabuni na sehemu nyingine za bahari ya Hindi.

Lililofuata lastahili kujulikana zaidi kuliko linavyojulikana katika vitabu vyetu vya shule, ambavyo hutufundisha habari za utumwa kana kwamba kila aliyefungwa alikaa akingoja manowari za Waingereza zije kumfungua. Wazigua hao walitoroka. Walikusanyika makundi kwa makundi, wakashika njia ya kusini kwa nia ya kurudi makwao kwa miguu, wakiongozwa, kama wanavyosimulia, na mwanamke aliyeitwa Wanakhucha, ambaye hekima yake na ujuzi wake wa mambo ya ghaibu vilimpa amri juu ya wanaume kwa wanawake. Na walipofika mto Juba, ambako safari ya kwenda Uzigua ilikuwa ingali ndefu na nchi ya katikati ina maadui, wakakaa. Mahali walipokaa palikuwa msitu mnene ulioitwa Gosha, wenye mbung'o wengi, na mbung'o hao, ambao kila mkulima na mfugaji wa Afrika huwahesabu katika maradhi ya nchi, ndio waliokuwa boma la watu huru, kwa kuwa wafugaji wenye nguvu hawakuthubutu kuingiza humo ngamia wala ng'ombe wao. Waliofyeka msitu wakafuatwa na watoro wengine, na kila kabila likajenga vijiji vyake, hata mwisho wa karne ya 19 Gosha ikawa na kiongozi aliyeogopwa, Nassib Bundo, ambaye Waitalia walimtia kifungoni na humo akafia.

Kilimo cha Juba kina siri yake. Mto ukifurika, maji huingia katika mabonde madogo yaliyo kando yake, na yanapopungua huacha udongo mweusi uliolowa unyevu, ambao mkulima huupanda mahindi na ufuta akifuata ukingo wa maji yanavyorudi nyuma siku baada ya siku. Kilimo cha namna hiyo hakiwezi kufanywa na mtu mmoja aliyejifungia kwake, maana ukingo wa maji haumngojei mtu: anayechelewa kupanda leo atakuta kesho udongo umekauka na kupasuka, basi jirani sharti aje, na aliyesaidiwa sharti alipe kwa siku zake, na mwenye mgonjwa nyumbani sharti apandiwe. Hawakukutana kwanza wakapendana kisha wakalima. Walilima pamoja kwa kuwa ndiyo njia pekee ya kuishi, na katika kulima huko Myao, Mmakua na Mzigua, waliotupwa pamoja na biashara ya watu, wakawa ahali.

Yaliyowapata baadaye nitayapita upesi, si kwa kuwa ni madogo. Waitalia waliondoa utumwa kwa sheria, kisha, katika miaka ya 1930, wakawalazimisha watu wale wale kufanya kazi katika mashamba makubwa ya wazungu, taabu ambayo wazee huikumbuka kwa neno kolonya. Serikali ya Somalia huru iliwaita raia, ilhali katika mitaa na ofisi waliendelea kudharauliwa kwa nywele zao na sura zao. Dola ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, wakulima wa Juba walikuwa na kitu ambacho kila kundi lenye bunduki lilikitaka, yaani maghala ya nafaka, na hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwalipia kisasi; wakaporwa, wakauawa, na waliosalia wakatembea mpaka makambi ya Dadaab nchini Kenya, au wakapanda mashua kwenda Mombasa na Tanga. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea watu wapatao 12,000 kutoka Kenya. Wakahamishiwa kambi ya Kakuma kwa mahojiano mwaka 2002, na kuanzia 2003 ndege zikawatawanya katika miji yapata 50, kutoka California mpaka mipaka ya Kanada.

Lewiston haikuwa katika orodha ya miji ile. Walihamia huko wenyewe, kuanzia yapata mwaka 2005, wakitafuta kodi nafuu na kuwafuata Wasomali waliotangulia. Na waliotangulia walikwisha kupokewa kwa namna mbili. Oktoba 2002 meya wa mji aliandika barua ya wazi akiwasihi wazee wa Kisomali wawazuie jamaa zao wasiendelee kuja, kwa kuwa mji umelemewa; Januari 2003 wabaguzi wachache walifika kutoka nje kufanya mkutano wao, na siku hiyo hiyo watu elfu kadhaa wa Maine wakakusanyika katika baridi kali kuwatetea wageni. Waungwana wa pwani husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lewiston, hata kwa upande wa watu wake wema, iliwapa wageni blanketi, chumba, shule na daktari, lakini jembe hawakupewa, kwa kuwa haikumpitikia mtu kwamba mama wa makamo asiyejua kusoma, aliyeandikwa katika kila fomu kuwa hana ujuzi, alikuwa ametoka katika ukoo ulioilisha Somalia ya kusini kwa karne na nusu.

Hali ya mama huyo katika mji ina uchungu ambao hauonekani katika hesabu za msaada. Akienda hospitali, mtoto wake wa miaka kumi ndiye ulimi wake, na hulazimika kumweleza daktari mbele ya mtoto yale ambayo kwa adabu mtoto hapaswi kuyasikia; barua ya mwenye nyumba husomwa na mtoto; mwalimu akiita mzazi kwa sababu mtoto amekosa, mkosaji mwenyewe ndiye mkalimani wa kesi yake. Kwa njia hiyo utaratibu wa nyumba hupinduka pole pole, mkubwa akawa mdogo na mdogo akawa mkubwa, wala hakuna aliyekusudia ubaya. Wanaume angalau hupata kazi ya usiku katika ghala fulani, ambamo hutosha kujua kunyanyua na kupanga. Mama hubaki ghorofani, dirisha limefungwa miezi sita.

Sasa na tumwone mama huyo huyo penye konde la maboga, mwezi wa Julai, pamoja na binti yake aliyezaliwa Marekani. Majirani zao Wamarekani hulima maboga kwa ajili ya tunda, ambalo wengi wao hulichonga uso wa kutisha mwishoni mwa Oktoba na kuliweka barazani mpaka lioze. Majani hawayajui kuwa ni chakula. Mama hashughuliki na tunda. Hushika shina la jani lililo la tatu au la nne kutoka ncha ya mtambaa, ambalo limekwisha kufunguka lakini halijakuwa gumu, akalikata kwa kucha, kisha akalipindua na kuvuta nyuzi kutoka mwanzo wa kikonyo, na nyuzi hizo hufuatana na ngozi yake nyembamba yenye miba laini mpaka kwenye ubapa wa jani, likabaki jani ambalo likipikwa na karanga au ufuta halitakwaruza koo. Ncha ya mtambaa huiacha, isipokuwa mmea ukiwa umezidi kutanda. Ua lenye kiboga kidogo chini yake huliacha. Ua lisilo nacho huweza kulichuma pia. Binti, ambaye asubuhi alimsomea mama barua ya hospitali, huvuta uzi ukakatika katikati, akalazimika kuuliza, na kwa kuuliza ahitaji maneno ya Kizigua, au ya Kimaay, lugha ya Somalia ya kusini, ambayo shuleni hayana kazi, na mama humjibu bila haraka, kama ajibuvyo mtu anayejua.

Hapo ndipo ninapoiona maana ya bustani kwa utambulisho wa watu, na naiona kubwa kuliko ngoma na mavazi ambayo miji ya Marekani huyapenda siku za sherehe za mataifa. Ngoma huchezwa mbele ya watazamaji, na watazamaji wakiondoka huisha. Konde hulazimisha lugha itumike kwa haja, na hurudisha cheo mahali pake bila hotuba: katika hekta moja ya ardhi mzee ni mwalimu tena. Mtu hawezi kumheshimu mzazi kwa amri ya mwalimu wa uraia. Humheshimu kwa kuona kwamba ana maarifa ambayo yeye mwenyewe hana na anayahitaji.

Mahindi yao nayo yana habari yake. Wakulima wa Juba hupenda mahindi ya punje ngumu kama kioo, yenye unga mzito wa kupikia soor, ambao ni ugali wao, na wa kuokea mkate; mahindi matamu ya Kimarekani, yaliyojaa maji na sukari, huyaona ni kitu cha kuwachezea watoto. Lakini Juba ina misimu miwili ya mvua, gu na deyr, na joto la mwaka mzima, ilhali Maine yampa mkulima msimu mmoja tu, tangu baridi ya mwisho ya Mei mpaka jalidi ya kwanza ya vuli, ambayo huweza kuunguza shamba zima kwa usiku mmoja. Kwa hiyo mbegu sharti iwe ya kuiva mapema, na mkulima sharti ajifunze kuhesabu siku kwa hofu ambayo mababu zake hawakuwa nayo. Ajabu ni kwamba mahindi magumu ndiyo hasa yawezayo baridi hiyo, kwa kuwa Wawabanaki, wenyeji wa asili wa nchi ile, walikuwa wakipanda mahindi ya namna hiyo katika mabonde ya mito ya Maine kabla ya Mzungu yeyote kutia nanga. Mahindi yalitoka Amerika, yakavushwa na Wareno mpaka pwani zetu baada ya mwaka 1500, yakalishwa watumwa na watoro, na sasa yapandwa kando ya Androscoggin na wajukuu wa watoro hao, katika ardhi ambayo Wawabanaki walinyang'anywa. Sisemi kwamba haki imetimia kwa hilo. Wawabanaki wangali wakidai haki zao mahakamani na bungeni.

Shirika la Wabantu wa Lewiston, lililoanzishwa mwaka 2005, lina mpango wa kilimo uitwao Liberation Farms, ambamo kila mkulima, na wengi wao ni wanawake, hupata kipande cha kulisha nyumba yake. Na fauka ya vipande hivyo pana vikundi vya watu wachache, viitwavyo kwa Kisomali iskashito, ambavyo hulima konde moja kwa pamoja, hupalilia pamoja, huuza pamoja na kugawana pato. Ni ujima wa Juba ulioandikishwa katika sheria za Maine. Wengi waandikao habari za bustani kama hizi hupenda kusema kwamba huponya roho za wakimbizi, nami sikatai kwamba mtu aliyeona vita hupata utulivu mikono yake ikiwa udongoni. Lakini nina shaka na lugha hiyo ya uponyaji, kwa kuwa humfanya mkulima mgonjwa wa milele na kumfanya mfadhili tabibu. Ujima una kauli kavu zaidi. Aliyeugua hupaliliwa tuta lake kwa sababu naye alipalilia la mwingine mwaka jana, na akipona asirudishe fadhila, watu watamsema, tena mbele yake. Huo ndio uangalizi wenyewe: deni linalozunguka, lisilolipwa likaisha, na ambalo aibu ndiyo hakimu wake. Mtu anayepewa msaada asioweza kuulipa hunyenyekea mpaka akazoea kunyenyekea; mtu mwenye deni la palizi ni mtu mzima miongoni mwa watu wazima.

Tena pana mambo ambayo mila haikuyajua na sharti yajifunzwe upya. Mjini Burlington, katika jimbo jirani la Vermont, wakulima kutoka Somalia, Kongo, Burundi na Bhutan wana makonde katika bonde la mto Winooski, udongo mzuri ulioletwa na mafuriko ya zama nyingi. Julai 2023 mto huo ulifurika msimu ukiwa katikati na kulizamisha bonde. Kwa mtu wa Juba mafuriko huleta shamba. Kwa Vermont maji yale yalikuwa yamepita katika mifereji ya maji machafu na maghala ya mafuta, na serikali ikaagiza kwamba mboga yoyote iliyoguswa na mafuriko isiliwe. Mazao yaliyokuwa yamesimama, yenye sura ya kula, yakatupwa.

Sasa nirudi kwenye swali la ardhi, ambalo niliahidi. Katika mtaa wa City Heights, San Diego, Wabantu wa Somalia walikuwa wa mbele katika kuomba mahali pa kulima, na shirika la kimataifa la kuwahudumia wakimbizi likawasaidia kupata kiwanja cha ekari zaidi ya mbili kilichokuwa kimeachwa ukiwa. Kanuni za mji zilidai kibali na uchunguzi kana kwamba pajengwa duka, na kibali hicho kiligharimu makumi ya maelfu ya dola na subira ya miaka. Watu waliovuka jangwa kwa miguu wakazuiwa na makaratasi kupanda bamia. Bustani ilifunguliwa mwaka 2009 kwa jina la New Roots, familia kama 80 za mataifa mbalimbali zikagawana matuta, na Aprili 2010 Michelle Obama, mke wa rais wa wakati huo, akaizuru. Haukupita muda mrefu mji ukalegeza kanuni zake. Ni habari ya heri, ila msomaji aiangalie vizuri: ardhi ilibaki ya mji, na mkulima alibaki mwalikwa.

Mwalikwa huweza kuambiwa aondoke. Huko Los Angeles, baada ya ghasia za mwaka 1992, kiwanja cha ekari 14 penye barabara ya 41 na Alameda, ambacho mji ulikitwaa kwa nguvu ya sheria katika miaka ya 1980 ili ujenge tanuri la kuchomea taka, na wakazi wakalipinga tanuri, kilifunguliwa kwa familia maskini walime. Walikuja hasa watu wa Mexico na Amerika ya Kati, wengi wao wa jamaa za wenyeji wa asili, wakapanda mahindi, dungusi kakati za kula, migomba, miti ya matunda, na majani ya dawa na ya kitoweo ambayo hayakuwa na jina katika soko lolote la Los Angeles. Familia kama 350 zililima humo, na kwa muda wa zaidi ya miaka kumi kilihesabiwa miongoni mwa mashamba makubwa ya mjini katika Marekani yote. Mwaka 2003 mji ukamwuzia kiwanja mfanyabiashara aliyekuwa mmoja wa wamiliki wake wa zamani. Wakulima wakashitaki, wakakusanya fedha, watu mashuhuri wakapanda juu ya miti kuizuia amri ya kuwatoa. Asubuhi ya Juni 13, 2006 askari wakaingia wakawatoa, na matingatinga yakafagia bustani. Kwa miaka mingi baada ya hapo kiwanja kilikaa kitupu, hakina ghala lililodaiwa kujengwa wala jani la kunde. Filamu ya habari hiyo, The Garden, ilipendekezwa kwa tuzo ya Oscar, na tuzo hazirudishi udongo.

Nasimulia habari hiyo kwa kuwa huonyesha kwamba mapenzi ya watu, wingi wao, utajiri wa mila zao na hata huruma ya ulimwengu havitoshi mbele ya hati. Wabantu wa Lewiston, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakilima katika mashamba ya kuazima na kukodi, wakihofu kila msimu kwamba mwenye ardhi atabadili nia, walilijua hilo bila kuambiwa, maana babu zao walifyeka Gosha bila hati na wajukuu wakafukuzwa. Wakashirikiana na jumuiya ya kitaifa iitwayo Agrarian Trust, michango ikakusanywa kutoka kwa watu wengi, ikanunuliwa ardhi ya ekari 107 katika mji mdogo wa Wales, si mbali na Lewiston, ikaitwa Little Jubba. Hati yake haikuandikwa kwa jina la mkulima mmoja, wala shirika la Wabantu haliwezi kuiuza. Imewekwa katika amana isiyouzwa, nalo shirika limepewa haki ya kuitumia kwa miaka 99.

Mswahili hahitaji kuelezwa sana juu ya mpango huo, kwa kuwa ni jamaa wa karibu wa wakfu. Katika Lamu, Mombasa na Unguja mtu aliyekuwa na shamba la minazi aliweza kulifunga, shina lisiuzwe wala lisirithiwe, na matunda yake yaende kwa wanaostahiki, wawe wa msikiti, maskini au dhuria wake, kizazi baada ya kizazi. Wale waliotunga amana ya Wales hawakuiga kwetu. Walifikia jambo hilo kwa njia ya sheria za Kimarekani na hofu ya bei ya ardhi. Lakini sisi tulio na wakfu wa miaka mingi twajua pia maradhi yake, ambayo wafadhili wa Marekani bado hawajayaona: msimamizi asiye mwaminifu, kizazi cha tatu kisichojua mstahiki ni nani, minazi iliyozeeka isiyopandwa mingine kwa kuwa kila mmoja adhani ni dhima ya mwenzake. Amana huilinda ardhi isiuzwe. Haiwezi kumlazimisha mtu kulima.

Na vijana wa Lewiston wana mambo yao. Mwaka 2015 shule ya sekondari ya mji ilitwaa ubingwa wa kandanda wa jimbo, na wachezaji wake wengi walikuwa watoto wa wakimbizi wa Kiafrika; wengine leo ni wauguzi, madereva na wanafunzi wa vyuo, nao hawatazami jembe kwa macho ya mama zao. Wazee hulalamika, kama walalamikavyo wazee wa Handeni yenyewe, ambako Wazigua waliovuka kwa mashua hadi Tanga walipokewa, na baadaye, kuanzia mwaka 2003, wakapewa makazi na mashamba katika kijiji cha Chogo, na serikali ya Tanzania ikawapa uraia, wakakutana na ndugu ambao Kizigua chao kiliweza kuelewana na chao baada ya vizazi sita au saba. Huko Chogo nako kijana huiona Dar es Salaam karibu kuliko konde.

Sioni kwamba jambo hilo ni msiba. Babu zao hawakulima kwa kupenda kilimo kama wapendavyo watu wa mijini. Walilima ili wasiwe watwana wa mtu, na kijana akiweza kupata uhuru huo kwa njia ya uuguzi, ameitimiza nia yao kwa chombo kingine. Linalotakiwa ni kwamba atakayetaka kurudi akute pa kurudia, akiwa na miaka kumi na minane au sitini, na asiombe ruhusa ya mwenye kiwanja. Na kwa upande huo ekari zile 107 za Wales, zikitunzwa hesabu zake na kuchaguliwa wasimamizi wake hadharani, zina nafuu ambayo Gosha haikuwa nayo, wala shamba la Alameda.